Tumeachana na kocha: sasa tumchukue nani?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya utendaji ya klabu moja ya soka ya kulipwa hapa Tanga. Wiki iliyopita tuliachana na kocha mkuu baada ya mechi saba bila ushindi hata mmoja, nami nimepewa jukumu la kupeleka kikaoni majina matatu. Mashabiki wa Ngamiani wanataka kocha wa kigeni mwenye jina, na wakala mmoja ameshanitumia wasifu wa makocha sita kwa WhatsApp. Mwenyekiti anaona tumpe timu kocha msaidizi, ambaye zamani alikuwa nahodha wetu na wachezaji wanampenda. Mjumbe mwingine anasema atafutwe mtu aliyewahi kupandisha timu, basi. Dirisha dogo la usajili, lile la katikati ya msimu, bado liko mbali, fedha ni za kuhesabu, na ligi inaendelea baada ya siku kumi na sita. Naogopa kuchagua vibaya nikabeba lawama, na naogopa zaidi kuchelewa. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona umefunga maswali mawili katika mzigo mmoja. La kwanza umeliandika wazi: nani awe kocha. La pili hukuliandika, lakini linasikika katika kila mstari: matokeo yakiwa mabaya, nitajuaje kama kosa lilikuwa langu? Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu kamati isiyojua namna ya kumpima kocha haiwezi kumchagua, hata ikiletewa wasifu sitini badala ya sita.

Tuziangalie kwanza hizo mechi saba. Chukua timu ya kawaida ya katikati ya msimamo, yenye uwezo wa kushinda mechi tatu katika kila kumi. Katika ligi ya timu 16 na mechi 30, timu hiyo itamaliza msimu ikiwa na ushindi wa mechi kama tisa, na hakuna atakayepiga kelele. Sasa ukae na kikokotoo, uchukulie kwamba kila mechi inajitegemea, kisha utafute uwezekano wa timu hiyohiyo kupita, mahali fulani ndani ya msimu, katika mechi saba mfululizo bila kushinda. Utakuta uwezekano huo unazidi kidogo nusu. Maana yake ni kwamba timu ambayo haijaharibikiwa na chochote, yenye kocha yuleyule na wachezaji walewale, inaweza kukumbwa na ukame kama wenu kwa urahisi uleule wa shilingi iliyorushwa kuangukia upande wa mwenge au wa kichwa. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwenu. Nasema kwamba idadi ya mechi peke yake haiwezi kukuambia.

Hapo ndipo inapozaliwa imani kubwa kuliko zote katika soka letu, kwamba kocha mpya huja na upepo mpya. Timu huachana na kocha inapokuwa chini kabisa ya kiwango chake cha kawaida, na timu iliyo chini ya kiwango chake, mara nyingi, ina njia moja tu ya kwenda, nayo ni kurudi pale ilipokuwa. Kocha mpya akifika siku hizo, anapokea sifa za kitu ambacho kingetokea hata kama angechelewa basi kutoka Dar es Salaam. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alizichunguza klabu za ligi kuu ya nchi yake za kati ya 1986 na 2004, akazilinganisha zilizobadili kocha baada ya kuporomoka na zile zilizoporomoka vilevile lakini zikabaki na kocha wao. Zote zilipanda tena, na zilizobadili hazikuwazidi wenzao waliovumilia. Nakueleza haya, ingawa kocha wenu ameshaondoka, kwa sababu huyo ajaye naye atapata mechi zake nne za neema na baadaye mechi zake tano za shida, na kamati yenu isipojiandaa mtakuwa mnaandikiana barua za kuvunja mkataba mara mbili kwa mwaka. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo. Usemi huo unawafaa wageni wa mji, lakini benchi la ufundi haliwezi kujengwa juu yake.

Imani ya pili ni ya jina. Msimu wa 2024/25 Yanga ilianza na Miguel Gamondi, ikaachana naye mwezi Novemba, ikamleta Sead Ramovic, naye akaondoka Februari kwenda Algeria, ikamchukua Miloud Hamdi, na mwisho wa msimu ikabeba ubingwa. Makocha watatu, kombe moja. Kama kocha ndiye angekuwa kila kitu, timu hiyo ingeyumba hadi isijulikane. Haikuyumba kiasi hicho kwa sababu ilikuwa na wachezaji ambao timu nyingi za ligi hazikuwa nao. Wachumi waliofuatilia ligi ya Uingereza kwa miaka mingi wamekuta jambo linaloelekea hukohuko: jumla ya mishahara ya wachezaji hueleza sehemu kubwa sana ya nafasi ambayo klabu itamaliza kwenye msimamo, na kinachobaki kwa kocha kukibadilisha ni kidogo kuliko tunavyopenda kuamini. Ni kidogo, lakini si bure. Katika ligi ambayo pointi tatu huitenganisha timu ya kumi na timu inayocheza mchujo wa kutoshuka, hicho kidogo ndicho mnachokitafuta, na ndiyo maana kazi uliyopewa inastahili uangalifu wote ulio nao.

Kuhusu wageni sina chuki, na nisingependa ninukuliwe hivyo. Nasreddine Nabi alikuja nchini akaifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Fadlu Davids akaifikisha Simba fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025. Lakini walifanya kazi hiyo katika klabu zilizokuwa na uwezo wa kuwasajilia, kuwapa wasaidizi na kuwalipa. Kocha huyohuyo ukimleta katika klabu isiyo na mchambuzi wa video, ambayo wachezaji wake wanafika mazoezini kwa bodaboda huku mshahara wa mwezi uliopita haujaingia, hataleta kilekile. Isitoshe, gharama ya mgeni haiishii kwenye mshahara. Kuna kibali cha kazi na cha ukaazi, nyumba, tiketi za ndege, mara nyingi na msaidizi wake anayemwamini, na kuna jambo la kisheria nitakalolieleza baadaye ambalo limeziumiza klabu zisizo na habari.

Hoja ya mjumbe wenu kuhusu mtu aliyewahi kupandisha timu ina mashiko kidogo kuliko inavyosikika. Mfikirie Claudio Ranieri. Mwishoni mwa 2014 Ugiriki ilimfukuza baada ya kufungwa nyumbani na Visiwa vya Faroe. Mwaka 2016 akaipa Leicester ubingwa wa Uingereza ambao hakuna aliyeuota. Februari 2017, kabla hata mwaka haujatimia, Leicester hiyohiyo ikamfukuza. Mtu ni mmoja na kichwa ni kilekile. Ukimpima kwa matokeo ya mwaka mmoja, jibu lako litategemea mwaka uliouchagua. Mtu akikuambia alipandisha timu, muulize alikuwa na wachezaji gani, alilipwa na nani, timu ilikuwa nafasi ya ngapi alipoichukua, na nini kiliipata alipoondoka. Kupandisha timu iliyokuwa na bajeti kubwa kuliko zote katika ligi yake ni kazi, lakini ni kazi tofauti na ile mliyo nayo ninyi.

Basi tumpime kwa nini? Tumpime kwa kazi yenyewe, na kazi hiyo inabidi mjue ni ipi kabla ya kumtafuta mtu. Hapa ndipo kamati nyingi zinapoteleza. Hukaa kujadili majina saa tatu nzima bila mjumbe hata mmoja kueleza timu inaumwa nini. Nakuomba ukae na mtu mmoja anayejua mpira, mzitazame tena zile mechi saba, hata kama picha ni za simu zilizopigwa kutoka jukwaa la Mkwakwani, na mhesabu mambo machache: mashuti yaliyopigwa ndani ya eneo la hatari na kila upande, mabao mliyofungwa kwa kona na mipira ya adhabu, dakika mlizofungwa, na wachezaji wangapi wa kikosi cha kwanza walikuwa nje kwa majeraha au kadi. Ukikuta mmetengeneza nafasi nyingi kuliko wapinzani na mmekosa kuzitumia, mnahitaji mtu mtulivu asiyebomoa kilichopo. Ukikuta nusu ya mabao yameingia kwa kona, mnahitaji mtu wa kupanga ulinzi, na pengine kocha msaidizi mzuri angetosha. Ukikuta mabao yanaingia baada ya dakika ya 70, tatizo huenda liko kwenye pumzi, chakula na mapumziko, na hapo hata mkimleta kocha kutoka Madrid hatawafaa kama hamna kocha wa viungo.

Kuna klabu moja, sitaitaja, iliyonialika miaka mingi iliyopita niketi kwenye meza ya kumchagua kocha. Alikuja kijana mwenye maneno mazuri, akatueleza soka la kukaba juu, kumnyang'anya mpinzani mpira mlangoni kwake, presha dakika zote tisini. Sote tulivutiwa, na mimi nikiwemo. Hakuna aliyekumbuka kwamba wachezaji wetu wawili wa kiungo walikuwa wamepita miaka thelathini na tatu, kwamba mechi zetu za nyumbani zilikuwa zinaanza saa kumi jioni, na kwamba Februari ya pwani jua na unyevunyevu hukamua mtu jasho akiwa amekaa kivulini. Tulicheza dakika ishirini na tano nzuri katika kila mechi, halafu tukawa tunatembea. Kijana yule alifukuzwa kabla ya Pasaka, na naamini hadi leo kwamba kosa lilikuwa letu tuliokuwa upande huu wa meza. Tulichagua soka tulilolipenda, wakati wachezaji tuliokuwa nao hawakuweza kulicheza na dirisha la usajili lilikuwa limefungwa. Hali yenu inafanana na hiyo: kocha wenu mpya, awe nani, ataishi na kikosi kilichopo hadi dirisha dogo lifunguliwe. Swali la kwanza la kumuuliza kila mwombaji ni hili: kwa wachezaji hawa hawa, utacheza vipi?

Usimuulize kwa mdomo peke yake. Mpe kila mmoja wa watu wenu watatu picha za mechi mbili za karibuni na orodha ya wachezaji wenye umri na nafasi zao, umpe siku tatu, kisha aje akueleze alichokiona. Mwombe akuandikie mazoezi ya wiki moja, kuanzia siku inayofuata mechi ya ugenini, mkiwa mmesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Mbeya. Kocha anayejua kazi yake ataanza na kupumzisha miguu na kuangalia nani ameumia. Asiyejua atakupangia mbio za ufukweni Raskazone alfajiri ileile. Inapowezekana, mpe saa moja uwanjani na timu ya vijana, wewe ukae pembeni umtazame: anazungumza kiasi gani, anasimamisha mazoezi kwa sababu gani, mchezaji aliyekosea anamwangaliaje anaporekebishwa. Saa hiyo moja itakufundisha kuliko kurasa zote za wakala.

Kuhusu wakala, mpokee kwa heshima, kwa kuwa ni kazi yake na wengine wanaifanya kwa uaminifu. Lakini muulize wazi kama ana wachezaji pia anaowasimamia, na kama kocha wake akipewa timu atataka kuja nao. Kocha na wachezaji watano wenye wakala mmoja ni timu ndani ya timu. Siku mkiachana na kocha huyo mtajua maana yake.

Ulizia sifa zake kwa watu ambao hajakupa namba zao. Mwenyekiti wa klabu aliyotoka atakusifia au atamponda kwa sababu zake. Mtafute mtunza vifaa, daktari wa timu, na hasa mchezaji aliyekaa benchi msimu mzima chini yake. Huyo wa benchi akikuambia, "Hakunipanga, lakini alinieleza kwa nini, na nilijua nikifanya nini nitacheza," umepata habari ya thamani kubwa. Kocha hupendwa kirahisi na wachezaji kumi na mmoja. Kazi ngumu ni kuwabakisha wale wengine kumi na wawili wakiwa tayari.

Sasa nije kwa huyo msaidizi wenu, ambaye nadhani ndiye kiini cha swali lako. Mashabiki wanamwona kama suluhisho la bei rahisi, na mwenyekiti anamwona kama mtu wa nyumbani. Mifano ya kumtetea ipo, na ni mizuri. Katika Fainali za Mataifa ya Afrika zilizochezwa Ivory Coast mapema 2024, wenyeji walifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, wakaachana na Jean-Louis Gasset katikati ya mashindano, wakampa timu msaidizi wake Emerse Faé, na tarehe 11 Februari wakaifunga Nigeria 2-1 na kubeba kombe. Hapa kwetu, Simba ilipobaki bila kocha Septemba 2022, ilimchukua Juma Mgunda, aliyeichezea Coastal Union ya hapo Tanga kisha akaifundisha, naye akaivusha hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Hao ni watu waliokuwa na uwezo kabla ya kupewa nafasi, na hilo halina ubishi.

Hata hivyo, nakuomba uwe mwangalifu na mifano ya namna hiyo, kwa kuwa tunamkumbuka Faé na tunawasahau wasaidizi wengi waliopewa timu wakashuka nayo daraja. Wenyeji wale, kumbuka, walikuwa wamemaliza wa tatu katika kundi lao na wakapenya kama timu ya mwisho kati ya zilizoshika nafasi ya tatu. Matokeo ya mechi moja ya watu wengine yangekwenda upande mwingine, jina la Faé lisingekuwa katika jibu hili. Kwa msaidizi wenu kuna maswali mawili makubwa. La kwanza ni kama anaweza kumweka benchi rafiki yake. Nahodha wa zamani anayependwa na wachezaji amekuwa akiwasikiliza malalamiko yao dhidi ya kocha mkuu, na ghafla malalamiko hayo yatakuwa dhidi yake. Wengine huvuka daraja hilo kwa siku moja, wengine hawalivuki kamwe. La pili ni la karatasi: ana leseni ya daraja gani? Leseni za CAF, Shirikisho la Soka Afrika, hupanda kutoka D, C, B, A hadi Pro, na kanuni za ligi husema wazi kocha mkuu wa kila daraja la mashindano anatakiwa awe na ipi. Soma kanuni za msimu huu neno kwa neno. Asipokuwa nayo, msijaribu ule mtindo wa kuandika jina la mwenye leseni kwenye fomu huku mwingine akifundisha. Unawadhalilisha wote wawili, na siku ya mgogoro hakuna anayejua nani aliamua nini.

Ukitaka maoni yangu kwa hali uliyonieleza, ni haya. Siku kumi na sita zinatosha kumwandaa mtu anayeijua timu, na hazitoshi kumtafuta, kumchunguza, kumhamisha na kumzoesha mtu asiyeijua. Kama msaidizi wenu ana leseni inayotakiwa, na kama katika zoezi la picha na mazoezi ya wiki hatapitwa kwa mbali na wenzake, mpeni timu hadi dirisha dogo, kwa barua inayosema hivyo, yenye mshahara wa kocha mkuu wa kipindi hicho na yenye ahadi kwamba akirudishwa kwenye usaidizi hatapunguziwa kile alichokuwa nacho. Wekeni pembeni yake mwalimu mkongwe wa kumshauri, mtu mzima asiyeitaka nafasi yake. Wakati huohuo endeleeni kuwachunguza wale wawili wengine bila papara, mkiwaambia ukweli kwamba mnafanya hivyo. Kama hana leseni, au akishindwa zoezi waziwazi, msimpe kwa huruma. Mchukueni kocha mzawa ambaye ameshafanya kazi kwenye ligi hii, anayevijua viwanja vyake na safari zake, na mumbakize msaidizi kama daraja kati yake na wachezaji. Kocha wa kigeni ningemwacha hadi mwisho wa msimu, mtakapokuwa na muda na, kama Mungu akijalia, na fedha zilizo mkononi tayari.

Hapo nafika kwenye mkataba. Tangu mwanzoni mwa 2021 FIFA ina kanuni maalumu zinazolinda mikataba ya makocha, na mgogoro kati ya klabu na kocha wa taifa jingine unaweza kufika kwenye mahakama yake ya soka. Klabu ikikaa bila kumlipa kocha mishahara miwili ya mwezi, naye akaiandikia na kuipa angalau siku kumi na tano ikashindwa kulipa, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Klabu ikimfukuza bila sababu halali, fidia kwa kawaida huanzia kwenye thamani ya mkataba uliobaki, na hupunguzwa akipata kazi nyingine ndani ya kipindi hicho. Baada ya hukumu, klabu isipolipa ndani ya siku 45, inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Kwa hiyo mkataba wa miaka mitatu unaotiwa saini kwa furaha na picha za magazeti unaweza kuwa deni litakalowafuata hadi kwa kamati itakayokuja baada yenu. Andikeni mkataba wa muda mnaoumudu, wenye kiasi cha fidia kilichotajwa wazi kwa pande zote mbili, na muahidi mshahara ambao mnajua utatoka wapi hata katika mwezi ambao hamna mechi ya nyumbani. Milioni mbili zinazoingia tarehe 28 ya kila mwezi zinamshikilia kocha kuliko milioni tano za mdomoni.

Ndani ya mkataba huo au kwenye barua ya pembeni, andikeni pia nani anapanga kikosi. Najua hili linawasha, na pengine ndilo litakalokuletea maadui kikaoni, lakini sitakuwa nimekujibu kwa uaminifu nikilinyamazia. Nimeona makocha wazuri wakiharibika kwa sababu saa nne kabla ya mechi simu ililia, na mfadhili akataja jina la mshambuliaji. Kamati iwe na haki ya kumuuliza kocha maswali magumu kila baada ya wiki chache, akiwa na takwimu zake mezani, na isiwe na haki ya kumpangia nani aanze. Fedha zinazotengwa kwa mambo ya gizani usiku wa kuamkia mechi, ambazo kila mtu wa soka letu anazijua na hakuna anayezitolea risiti, zingeweza kumlipa kijana mmoja wa kuchambua picha za wapinzani kwa msimu mzima. Nimelisema hilo kwenye vikao kwa miaka mingi, na nitaendelea kulisema.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyatatua, na kwa hayo mtafute mtu wa ana kwa ana. Mkataba usitiwe saini kabla mwanasheria anayejua kanuni za michezo hajausoma, hata kama ada yake inauma. Kama hesabu yako ya zile mechi saba itaonyesha majeraha mengi ya misuli, mpelekeni daktari wa michezo akazungumze na wachezaji kabla kocha mpya hajagusa mazoezi. Kama utasikia kwamba wachezaji walicheza chini ya kiwango kwa makusudi ili kocha aondoke, au kwa sababu ya posho zisizolipwa, hilo halitibiwi na kocha yeyote. Waiteni wachezaji wenyewe, pamoja na mwakilishi wa chama chao, SPUTANZA, mkae mezani na vitabu vya malipo vikiwa wazi. Na kwa usaili, ombeni mkufunzi mmoja wa makocha aje aketi nanyi siku hiyo. Chama cha makocha, TAFCA, kinaweza kukuelekeza kwa mtu anayefaa.

Umeniambia unaogopa lawama. Dawa yake ni kuandika. Kabla ya kikao, wekeni kwenye karatasi mnachokitarajia kutoka kwa kocha mpya katika mechi kumi za kwanza, kwa mambo ambayo yeye anaweza kuyatawala: kufungwa mabao machache ya kona, mashuti machache ya wapinzani ndani ya eneo la hatari, pumzi baada ya dakika ya 70, vijana wawili wa klabu kupata dakika za kucheza. Wajumbe wote watie saini. Akipoteza mechi tatu za kwanza huku hayo yakiwa yanaonekana, karatasi hiyo ndiyo itakayomlinda yeye, na itakulinda na wewe mbele ya wazee wa maskani wanaoikumbuka Coastal Union ya ubingwa wa 1988 kana kwamba ilikuwa jana. Akishinda mechi tatu huku hayo hayaonekani, mtajua mapema kwamba furaha hiyo haitadumu.

Umeuliza uanzie wapi. Anza kesho asubuhi na zile picha za mechi saba, kalamu na daftari, kabla hujamrudishia wakala simu.